Behewa la Barafu na Dhamana ya Mpika Bia

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hutumiwa kuonya juu ya sifa na majivuno, na matumizi hayo ni ya haki; lakini ndani yake mna jambo jingine ambalo aghalabu hupita bila kuangaliwa. Methali yachukulia kuwa mgema husikia sifa zake. Anayemsifu yu karibu naye. Amekunywa tembo lake asubuhi, na jioni atamwona njiani. Basi hata udanganyifu wa mgema ni udanganyifu wa jirani kwa jirani, na adhabu yake ni ya jirani pia: kesho mnywaji atakwenda kwa mgema mwingine, na kesho kutwa mji mzima utajua kwa nini. Ukaribu huu si tunda la wema wa mgema. Umelazimishwa na tembo lenyewe. Tembo ligemwalo alfajiri ni tamu, mchana limekwisha kukolea, na baada ya siku chache ni siki. Kinywaji kisichoweza kungoja hakiwezi kusafiri, na kisichoweza kusafiri hakina budi kunywewa mbele ya macho ya aliyekitengeneza.

Nataka kuuliza katika insha hii ni nini hutokea kifungo hicho kikikatwa. Kitu kikipewa uwezo wa kwenda mbali kuliko macho ya mtengenezaji wake, je, dhamana yake hubaki kiwandani, hufuatana na mzigo, au hupotea njiani? Swali hili laweza kuulizwa juu ya bidhaa nyingi. Nimechagua bia ya Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 19, kwa sababu huko twaweza kukionyesha kwa kidole chombo kilichokikata kifungo: behewa la reli lililojazwa barafu.

Hapana budi kwanza kueleza kwa nini bia ilihitaji baridi. Bia waliyoizoea Waingereza, na waliyokwenda nayo katika makoloni yao ya Amerika, huchachuka katika joto la wastani, na chachu yake hupanda juu ya pipa. Wajerumani wa Bavaria walikuwa na bia ya namna nyingine. Chachu yake hutua chini, hufanya kazi polepole katika baridi, na bia ikisha kuchachuka huwekwa majuma mengi, pengine miezi, mahali penye baridi inayokaribia ile ya maji kuganda. Jina lake, lager, latokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kuweka ghalani. Bia hii ni angavu na nyepesi, na aliyeizoea hupata taabu kuiacha. Lakini ni kinywaji kidekevu. Mwaka 1553 mtawala wa Bavaria aliamuru kwamba bia isipikwe tangu sikukuu ya Mtakatifu George mwezi wa Aprili hata sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwishoni mwa Septemba, kwa kuwa bia ya kiangazi iliharibika. Kwa hiyo mpika lager alikuwa mtumwa wa mabwana wawili, yaani majira na mahali. Alipika baridi ilipokuja, na aliuza mahali pishi lake lilipokuwa.

Wajerumani walipohamia Marekani kwa wingi katikati ya karne ya 19 walichukua bia yao pamoja na utumwa wake. Wengi walifika St. Louis, mji ulio ukingoni mwa mto Mississippi, na huko walikuta vitu viwili ambavyo mpika lager alivitamani: mapango ya mawe ya chokaa chini ya ardhi, na mto uliotoa barafu wakati wa baridi. Adam Lemp, aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupika lager katika mji huo karibu na mwaka 1840, aliihifadhi bia yake pangoni. Wengine walimfuata. Mji ulikuwa juu na bia ilikuwa chini, imelala gizani kungojea wanywaji ambao waliishi mwendo wa miguu tu kutoka hapo.

Barafu nayo ilikuwa zao, na watu wa siku hizi, walioizoea kama kitu kitokacho katika sanduku la umeme, huenda wasisadiki jinsi lilivyovunwa. Wakati wa baridi wafanyakazi walikwenda juu ya maziwa na mito iliyoganda, wakapiga mistari kwa plau zilizokokotwa na farasi, wakakata kwa misumeno mapande makubwa, wakayavuta hadi maghalani na kuyafukia katika vumbi la mbao. Mwaka 1806 mfanyabiashara wa Boston, Frederic Tudor, alipeleka shehena ya barafu katika kisiwa cha Martinique, na watu wa kwao walimcheka. Mwaka 1833 barafu yake ilifika Calcutta baada ya kuvuka ikweta mara mbili. Basi ilikwisha julikana kwamba baridi yaweza kusafirishwa. Lililobaki ni kuifanya imchukue na mwenziwe.

Hati ya ubunifu ya behewa la namna hiyo ilipewa J. B. Sutherland wa Detroit mwaka 1867. Mabehewa ya mwanzo yalikuwa na kasoro nyingi. Wenye biashara ya nyama walitundika nyama juu na kuweka barafu chini, au waliigusanisha nyama na barafu hata ikabadilika rangi. Na nyama iliyotundikwa iliyumba kwenye kona na kutishia kuliangusha behewa. Ni Gustavus Swift wa Chicago, pamoja na mhandisi wake Andrew Chase, waliopata ufumbuzi mwishoni mwa miaka ya 1870: barafu ikae juu, kuta zizuie joto, na hewa iliyopoa ishuke yenyewe kwa uzito wake huku ile yenye joto ikipanda. Ni jambo jepesi likisha kuelezwa. Lakini hata behewa jema halikufika mbali peke yake. Barafu iliyeyuka, na kila baada ya mwendo fulani gari la moshi halikuwa na budi kusimama ili kujazwa upya. Kwa hiyo chombo chenyewe hakikuwa behewa tu. Kilikuwa mlolongo wa maghala ya barafu kando ya reli, na wavunaji wake wa wakati wa baridi, na mawakala wenye kungojea saa ya gari la moshi. Baridi ilitandikwa juu ya nchi kama mkeka.

Aliyeutandika mkeka huo kwa ajili ya bia kuliko wengine wote alikuwa Adolphus Busch. Alizaliwa mwaka 1839 karibu na Mainz katika Ujerumani, akafika St. Louis mwaka 1857, na mwaka 1861 akamwoa binti wa Eberhard Anheuser, mtu aliyekuwa amekipata kiwanda cha bia kilichoelemewa na madeni. Katika miaka ya 1870 Busch alianza kutumia mabehewa ya barafu na kujenga maghala ya barafu kando ya reli, na mwaka 1878 iliundwa kampuni ya mabehewa hayo, St. Louis Refrigerator Car Company. Wakati huohuo alianza kuipasha moto bia ya chupa kwa njia aliyoifundisha Louis Pasteur, ambaye kitabu chake juu ya bia kilitoka mwaka 1876. Yafaa kuyatofautisha mambo haya mawili, maana huchanganywa mara nyingi. Bia ya chupa iliyopashwa moto iliweza kuvumilia safari bila barafu. Bia ya pipa haikupashwa moto. Ilikuwa hai bado, na ilidai baridi tangu pishini hata bombani. Na bia iliyonyweka zaidi wakati ule ilikuwa ya pipa. Bila behewa la barafu Busch angeuza chupa Texas; kwa behewa la barafu aliwauzia watu wa Texas bia ileile waliyokunywa watu wa St. Louis.

Jambo moja katika historia hii lanishangaza kila nilifikiripo. Waliotangulia kuzituma bia zao mbali hawakuwa wale wenye wanywaji wengi, bali wale waliokuwa na wachache. Wapika bia wa New York walikuwa na mji mkubwa mlangoni pao, na hawakuona haja ya kuhangaika na reli. Milwaukee ulikuwa mji mdogo wenye viwanda vikubwa. Pabst na Schlitz hawakuwa na budi kutoka. Moto ulipoteketeza sehemu kubwa ya Chicago mwaka 1871, na viwanda vya bia pamoja nayo, bia ya Milwaukee ilikwenda kusini kuziba pengo, na haikurudi nyumbani tena. Mtu aweza kusema, bila kutia chumvi nyingi, kwamba ukubwa wa viwanda hivyo ulizaliwa na upungufu wa majirani.

Matokeo yaonekana katika hesabu. Mwaka 1865 Marekani ilikuwa na viwanda 2,252 vya bia, na vyote kwa pamoja vilitoa mapipa milioni 3.7. Mwaka 1873 idadi ya viwanda ilifikia 4,131, ambayo haikufikiwa tena kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1910 vilibaki 1,568 tu, ilhali bia iliyopikwa ilikuwa mapipa milioni 59.6. Vinywa viliongezeka na mikono ikapungua. Si barafu peke yake iliyofanya hivyo: walikuwapo wahamiaji wapya kila mwaka, mishahara ya mijini, kodi, na mashine ya kutengenezea baridi aliyoibuni Carl von Linde kwa msaada wa fedha za wapika bia wa Ujerumani. Lakini pasipo njia ya kuufikisha mzigo, kiwanda kikubwa kingekuwa jitu lililofungiwa chumbani.

Sasa turudi kwa mgema. Watu elfu moja walipokunywa bia ya mtu ambaye hawakupata kumwona, waliikubali kwa dhamana gani? Jibu la karne ile lilikuwa jina. Budweiser, bia iliyoanza kuuzwa mwaka 1876, ilikuwa jina kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Na jina hilo lenyewe liliazimwa kutoka mji wa Bohemia ambako bia hiyo haikupikwa, azima iliyoleta kesi zisizokwisha baina ya pande mbili za bahari. Jina lilibandikwa juu ya chupa, likapakwa juu ya kuta za vilabu na ubavuni mwa mabehewa. Mahali pa uso wa mpika bia pakawekwa karatasi.

Wako wanaodharau jambo hili, wakisema kuwa jina ni ulaghai mtupu. Mimi sioni hivyo. Jina lina uwezo wa kuaibika. Pipa moja lililoharibika katika Galveston laweza kumgharimu mwenye jina wateja katika miji kumi, na kwa sababu hiyo Busch alikuwa mkali sana juu ya usafi, baridi na ladha. Yamkini alikuwa mkali kuliko wapika bia wengi wadogo ambao wateja wao hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Tukiuliza tu kama bia ilikuwa njema, behewa la barafu halikuleta hasara bali faida. Mnywaji wa mji mdogo, ambaye zamani alikunywa alichopewa, sasa alichagua.

Ila dhamana ya mgema ilikuwa na vyumba viwili, na jina limejaza kimoja tu. Mgema hujibu juu ya tembo, kama ni safi au limetiwa maji. Hujibu pia, apende asipende, juu ya mnywaji. Akimuuzia mtu tembo hata akaanguka mtaroni, mke wa mtu huyo ajua mlango wa kubisha. Akimuuzia aliyeuza jembe lake, wazee watamwita. Huenda asijali, wako wagema wengi wasiojali. Lakini habari itamfikia, na kutojali kwake kutakuwa kutojali kwa mtu aliyejua. Jina juu ya chupa hujibu upesi ukilalamika kwamba bia ni chungu. Ukilalamika kwamba nyumba imekosa unga, jina halina sikio la kusikilizia. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililokatwa na behewa la barafu: si uaminifu juu ya kitu, bali habari za mtu.

Haya si mawazo ya kukaa kivulini na kutunga. Yalifika mahakamani. Jimbo la Iowa lilikuwa limepiga marufuku ulevi katika miaka ya 1880. Ng'ambo ya mpaka, katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois, palikuwa na kiwanda cha bia cha jamaa ya Leisy. Mwaka 1888 walipeleka Keokuk, mji ulio katika pembe ya Iowa, mapipa madogo 122 ya robo pipa, mengine 171 ya thumni, na masanduku 11 yaliyotiwa lakiri, ili yauzwe kama yalivyo bila kufunguliwa. Mkuu wa polisi wa mji, aliyeitwa Hardin, aliyakamata. Kina Leisy walishitaki, na shauri likapanda ngazi hadi Mahakama Kuu ya Marekani, iliyotoa hukumu mwezi wa Aprili mwaka 1890.

Mahakama iliwapa haki kina Leisy. Jaji Mkuu Fuller alieleza kwamba bia ni bidhaa halali kama nyingine, kwamba biashara baina ya majimbo yaongozwa na Bunge la taifa zima, na kwamba, madhali Bunge limenyamaza, jimbo halina ruhusa ya kuigusa bidhaa iliyotoka nje ingali katika kifungo chake cha asili, wala kuzuia isiuzwe mara ya kwanza katika kifungo hicho. Majaji watatu hawakukubali. Mmoja wao aliitwa Brewer, jina ambalo kwa Kiingereza lina maana ya mpika bia, na yeye alisimama upande wa jimbo lililokataza bia. Historia nayo ina mzaha wake.

Msomaji na atazame vizuri kile kilichoamuliwa. Barafu iliilinda bia isiharibiwe na joto la nchi ilizopita. Hukumu iliilinda isiguswe na sheria za nchi ilikofika. Kazi ni ileile. Ndani ya kifungo bia ilikuwa bado katika Peoria, ingawa imewekwa juu ya ardhi ya Keokuk. Watu wa Keokuk walikuwa na haki ya kuinunua lakini hawakuwa na haki ya kuijadili. Katika muda wa miezi michache, katika majimbo yaliyokataza ulevi, yalifunguliwa maduka yaliyouza vinywaji katika vifungo vya asili, na baadhi ya vifungo hivyo vilikuwa vidogo kama chupa moja, kiasi cha kiu ya mtu mmoja. Agosti ya mwaka uleule Bunge lilipitisha sheria ya kuyarudishia majimbo uwezo wao mzigo ukisha kufika. Mwaka 1898 mahakama ileile ilifasiri kwamba kufika maana yake ni kukabidhiwa kwa aliyeagiza, si kuvuka mpaka. Basi aliyetaka aliandika barua, na reli ikamletea.

Najua nitakalojibiwa. Mtu atasema: hao watu wa Keokuk ni nani? Si wote waliotaka marufuku. Walikuwapo walioinunua bia ya Leisy kwa furaha, na pengine waliona kwamba jirani zao, kwa kutumia wingi wa kura, walikuwa wamewaingilia hata mezani pao. Kwa watu hao behewa la barafu halikuwa mvamizi bali mkombozi. Tena ujirani haukuwa daima ulinzi. Mpika pombe wa karibu ndiye aliyeweza kumkopesha mlevi hata akamfilisi, kwa kuwa alijua ana ng'ombe wangapi. Macho ya jirani huona, lakini huona pia pa kunyonya.

Hoja hii ni nzito, na sehemu yake moja naikubali bila kusitasita. Ukaribu si wema. Nilikwisha sema kuwa mgema hakaribii kwa hiari yake. Hulazimishwa na tembo linalochacha, na hatuwezi kumpa sifa ya uadilifu kwa jambo ambalo angeliacha lau angeweza. Pengine kila mgema angekuwa Busch kama angepewa barafu. Lakini hoja yathibitisha kidogo kuliko inavyodhani. Yathibitisha kwamba mnunuzi wa Keokuk alikuwa na haki ya kutaka bia. Haithibitishi kwamba muuzaji wa Peoria alikuwa na haki ya kutoulizwa. Mambo haya mawili ni mbalimbali. Aliyeingiza mkono wake katika nyumba ya mtu kwa kukaribishwa na mtoto mmoja hajapata ruhusa ya kuwaambia wengine wote kwamba mkono huo haumo humo. Kosa silioni katika kupeleka. Nalioni katika kudai kwamba mzigo umefika na mwenyewe hajafika.

Kwamba hakufika si kweli pia, na hapa mambo yazidi kuwa machungu. Ushindani wa viwanda vilivyosafirisha ulipokuwa mkali, kuuza kwa jina tu hakukutosha. Wapika bia walianza kulipia leseni za vilabu, kununua vibanda kwenye kona za mitaa, kutoa meza, vioo na mabomba, kwa sharti kwamba mwenye kilabu auze bia yao peke yake. Katika miji mingi ya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 mwenye kilabu alikuwa mdeni wa kiwanda. Kila pipa alilopokea lilikuja na deni, na deni hilo lililipwa kwa mnywaji kuongeza glasi moja, kisha nyingine. Hivyo kiwanda kilifika katika mtaa kwa fedha zake, kwa mikataba yake na kwa mkaguzi wake wa mauzo. Kilichotokea kikaitwa ubaya wa mwenye kilabu, mtu maskini aliyesimama nyuma ya meza na kuonekana na kila mtu. Kuwa mbali kumegeuka kuwa namna ya kuwapo bila kuonekana.

Waliochoka na vilabu hawakutofautisha. Anti-Saloon League, iliyoanza katika Ohio mwaka 1893, ilishambulia kilabu kwa jina lake, lakini viongozi wake walielewa kwamba mzizi uko kwenye reli. Mwaka 1913 walipata sheria iliyokataza kuingiza ulevi katika jimbo lolote kinyume cha sheria za jimbo hilo. Rais Taft aliipinga kwa kura ya turufu, na Bunge likaipitisha juu ya kichwa chake. Mwaka huohuo Adolphus Busch alifariki, hali ameacha kiwanda ambacho tangu mwanzo wa karne kilikuwa kimevuka mapipa milioni moja kwa mwaka. Januari 1919 badiliko la 18 la Katiba lilithibitishwa, na mwaka mmoja baadaye kupika bia kwa ajili ya kuuza kukawa haramu katika nchi nzima. Sheria iliyoshindwa kumfikia mpika bia mahali mzigo wake ulipoanguka ilikwenda ikamfungia mlango wake nyumbani, yeye na wapika bia wadogo mamia kwa mamia ambao hawakuwa na behewa hata moja, wala kilabu, wala wakala, na ambao wanywaji wao waliwajua kwa majina. Hao ndio ninaowasikitikia katika kisa hiki. Waliadhibiwa kwa umbali ambao hawakuusafiri.

Na baridi? Baridi haikushitakiwa na yeyote, na ni haki. Kampuni ya Busch ilipita miaka ile 13 kwa kuuza chachu ya mikate, shira ya kimea, malai, na miili ya magari yenye baridi. Mabehewa yaleyale yalipeleka machungwa, siagi na nyama katika miji ambayo isingeviona. Iwapo mtu ataniuliza kama ingekuwa heri barafu isiingie relini kamwe, nitamjibu kwamba swali hilo halinisumbui. Chombo kinachohifadhi hakichagui kinachohifadhiwa. Hata hivyo sikubaliani na wale wasemao kuwa chombo hakibadili chochote katika maadili yetu. Kabla ya behewa, mpika bia hakuhitaji kuamua kama atawajali wanywaji wake wa mbali, kwa kuwa hakuwa nao. Baada ya behewa alikuwa nao, na kutoamua kukawa uamuzi. Huo ni wajibu uliozaliwa na chombo, kama vile mtu aliyejifunza kuogelea apatavyo wajibu ufukoni ambao jana hakuwa nao.

Marufuku iliondolewa Desemba 1933. Viwanda vilivyofufuka viliendelea kupungua, vikubwa vikimeza vidogo, hata mwishoni mwa miaka ya 1970 vilikuwa havifiki mia moja katika nchi nzima. Tangu hapo wapika bia wadogo wamerudi kwa maelfu, na wengi wao huuza bia mahali walipoipikia; wamezidi sana ile idadi ya 1873. Wako wanaoona katika jambo hili kurudi kwa uso, na huenda ni kweli kwa kiasi fulani, ijapokuwa wanywaji wengi wa Marekani wangali wakinywa kutoka kwa wale wasiowajua.

Badiliko la 21, lililoondoa marufuku, lina vipengele vitatu. Cha kwanza chafuta badiliko la 18, na cha tatu ni cha utaratibu wa kulithibitisha. Cha pili ndicho chenye mkono wa kina Leisy ndani yake: chakataza kusafirisha au kuingiza vileo katika jimbo lolote, ili vikabidhiwe au vitumiwe humo, kinyume cha sheria za jimbo hilo. Miaka 43 ilikuwa imepita tangu hukumu ya mapipa ya Keokuk. Na hata hicho chamhusu mwenye kuleta mzigo peke yake. Juu ya mpika aliyeutuma, na juu ya yatokeayo mezani pipa likisha kufunguliwa, kipengele kimenyamaza.